Raifoli yenye teke zito na breki ya mtutu: Leupold, Trijicon, Swarovski au Nightforce?

Mwenye raifoli kubwa kama .375 H&H au .416 Rigby akishafunga breki ya mtutu (kifaa cha mdomoni mwa bunduki kinachoelekeza gesi pembeni ili kupunguza teke), bega hupata nafuu siku hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi huanza kukosea katika kuchagua darubini. Husema: teke limepungua, basi hata darubini ya kawaida itavumilia. Sivyo. Breki hulinda bega tu. Darubini hubaki na mzigo wake wa mwanzo karibu wote, kisha huongezewa wa pili unaoisukuma upande wa pili. Ndiyo maana katika ulinganisho huu uzuri wa kioo nimeuweka nyuma. Mbele nimeweka uzito, nafasi ya jicho (umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma unaokuwezesha kuona picha yote), na jinsi darubini inavyohimili kusukumwa nyuma na mbele.

Nazungumzia raifoli za nyati na simba, za aina inayobebwa kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, ambako kiwango cha chini kwa wanyama hatari ni kaliba .375 (upana wa risasi kwa inchi). Bunduki zinazoonekana sana kambini ni CZ 550 na mtangulizi wake Brno ZKK 602, Winchester Model 70 na Ruger. Darubini nilizozilinganisha ni nne, na kila moja nimeichagua kwa sababu yake: Leupold VX-3HD 1.5-5x20, Trijicon AccuPoint 1-4x24, Swarovski Z6i 1-6x24 EE na Nightforce NXS 2.5-10x42. Namba kama 1.5-5x20 ni ukuzaji, kisha, baada ya x, kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Zote ni za kampuni zenye jina, na hakuna mbovu kati yake. Ila hazifai kwa kazi moja.

Risasi inapotoka

Chukua .375 H&H ya kilo 4.3 inayorusha risasi ya gramu 19.4 kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Risasi hukaa ndani ya mtutu milisekunde moja na kidogo tu. Inapofika mdomoni, raifoli imeshaanza kurudi nyuma kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde, na breki bado haijafanya lolote, kwa sababu yenyewe hutumia gesi inayotoka nyuma ya risasi. Piga hesabu hiyo utaona kwamba darubini imeshachapukizwa kwa wastani wa karibu mara 300 ya mvutano wa dunia. Breki haikupunguza hata kidogo sehemu hiyo.

Kisha gesi inagonga kuta za breki na kuuvuta mtutu mbele kwa ghafla. Mwenye bega anashukuru. Darubini, iliyokuwa ikiburutwa kwenda nyuma, sasa inavutwa mbele kabla haijatulia. Ni kama abiria aliyesimama kwenye daladala: dereva akiondoka kwa nguvu hujishikilia akabaki wima, lakini akiondoka na kufunga breki papo hapo, mtu huyo huanguka.

Ndani ya darubini kuna mrija mdogo uliobeba lenzi, ulioegemea skrubu za kurekebishia shabaha na kusukumwa na springi kutoka upande wa pili. Springi ikiwa dhaifu, mrija unaruka na kurudi mahali tofauti kidogo na ulipokuwa. Kwa nje huoni kitu. Kioo ni kizima, msalaba umenyooka, lakini risasi ya tatu imeangukia sentimita kumi kushoto. Wanaotumia bunduki za upepo za springi wanalijua jambo hili vizuri. Bunduki hizo hazina teke la kuumiza mtu, ila pistoni yake ikigonga mwisho huirusha bunduki mbele, na kwa tabia hiyo zimeharibu darubini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya teke la kurudi nyuma peke yake.

Uzito ni adui kuliko watu wanavyodhani

Nguvu inayojaribu kuichomoa darubini kwenye pete zake ni uzito wake mara mchapuko huo. Leupold 1.5-5x20 ina chini ya gramu 300. Kwa hesabu ya hapo juu, pete zake zinazuia nguvu iliyo sawa na mzigo wa kilo 80 na kitu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Trijicon, yenye gramu 400 hivi, inafika kilo 120. Swarovski, yenye karibu nusu kilo, inafika 150. Nightforce 2.5-10x42 ina karibu gramu 580, kwa hiyo unazungumzia kilo 170 na zaidi. Ukiweka darubini ya masafa marefu yenye kioo cha mbele cha milimita 56, inayokaribia gramu 900, mzigo unapita kilo 260. Huo ni wastani. Kilele chake ni kikubwa zaidi.

Sasa fikiria kwamba kwenye Model 70 mzigo huo wote unashikwa na skrubu nne nyembamba zinazofunga bezi, yaani kipande kinachobeba pete, kwenye chuma cha bunduki. Ndiyo maana mafundi wa bunduki wanaojua kazi huchimba upya matundu ya raifoli za teke zito na kuweka skrubu nene za kipimo cha 8-40 badala ya zile nyembamba za 6-48 za kiwandani. CZ na Brno hazina shida hiyo: reli yake ni sehemu ya chuma chenyewe cha bunduki, na ina mfuo wa kuzuia pete isiteleze. Kwa maoni yangu, mtu mwenye ZKK 602 iliyochakaa rangi ana msingi bora wa kufungia darubini kuliko mwenye raifoli mpya inayong'aa yenye bezi la aluminiamu.

Kwa kigezo hiki cha uzito Leupold inaziacha nyingine mbali. Haina kioo kipana mbele wala vitufe virefu vya kurekebishia shabaha, na ukuzaji wake wa mara 1.5 hadi 5 unatosha kabisa kwa nyati wa mita 60 ndani ya miombo. Kampuni inasema miundo yake hupitishwa kwenye mashine inayoigiza teke mara tatu ya lile la raifoli ya .308, kwa mapigo 5,000. Ina udhaifu mmoja ambao muuzaji hatakuambia: ni fupi. Kwenye raifoli yenye chumba kirefu cha risasi za magnum, kama CZ 550 ya .375 au .416, nafasi kati ya daraja la mbele na la nyuma, yaani sehemu zinazobeba pete, ni kubwa, na mrija wa darubini fupi huenda usifike vizuri kwenye pete zote mbili, au ufike lakini jicho likose mahali pake. Pima umbali wa pete zako kwa rula kabla ya kulipa.

Nafasi ya jicho, na siku utakapoambiwa ufungue breki

Hapa breki inadanganya watu kwa namna nyingine. Raifoli ya .416 yenye breki haimrukii mtu usoni, basi mwenyewe huisogeza darubini karibu na jicho apate picha pana, na kwa muda wote wa mazoezi hapati shida. Siku anafika kambini, mwindaji bingwa, yule anayeongoza wateja porini, anatazama mtutu na kumwambia aifungue. Ana haki ya kusema hivyo. Breki hutupa mlipuko pembeni na nyuma, palepale anaposimama traka (mfuata nyayo) au askari wa wanyamapori, na mlio wa raifoli kubwa yenye breki unaweza kuharibu masikio ya mtu kwa risasi moja. Traka hafanyi kazi akiwa na vizibo masikioni, kwa sababu masikio yake ni sehemu ya kazi. Wawindaji bingwa wengi hawaruhusu breki porini, nami naona wako sahihi.

Breki ikishafunguliwa, mambo mawili hubadilika pamoja. Teke lote linarudi, na ukingo wa darubini unapasua nyusi, hasa ukipiga kuelekea juu au ukiwa umejipinda kwenye vijiti vya kulengea. La pili, shabaha yenyewe huhama, kwa sababu mtutu umepoteza uzito wa breki na hautikisiki tena kama mwanzo. Kwa hiyo darubini ya raifoli yenye breki ichaguliwe na kufungwa kana kwamba breki haipo, na shabaha ipimwe katika hali zote mbili, tofauti iandikwe.

Kwa kigezo hiki mshindi ni Swarovski. Herufi EE kwenye jina lake zinaonyesha toleo lililotengenezwa kwa nafasi ndefu ya jicho: milimita 120, wakati Z6i ya kawaida ya ukuzaji huo ina 95. Milimita 25 za ziada ni kitu kikubwa mtu anapopiga .458 Lott, yenye teke kali zaidi. Leupold inaifuata: karibu sentimita 11 ukiwa kwenye mara 1.5, zikipungua hadi tisa na kitu kwenye mara 5. Nightforce ina karibu sentimita 9 na nusu. Trijicon ina kama sentimita 8, nami siwezi kumshauri mtu aiweke kwenye .416 au zaidi, hata kama ninaipenda kwa mengine yote. Kwenye .375 nzito yenye kitako kirefu inafaa. Zaidi ya hapo unacheza na jicho lako.

Tazama pia inavyokuwa mtu anaposimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Hapati muda wa kutafuta picha kwenye kioo. Darubini yenye nafasi ndefu ya jicho, ikiwa kwenye ukuzaji wa mara moja au moja na nusu, humwonyesha shabaha hata kama shavu halikukaa sawa. Kwa hilo Swarovski na Trijicon, zinazoanzia mara moja kamili, ni nyepesi kutumia macho yote mawili yakiwa wazi. Nightforce inaanzia 2.5. Hiyo ni nyingi mno kwa mnyama aliye hatua kumi.

Mwanga

Watu hutumia fedha nyingi hapa kuliko kazi inavyohitaji. Upana wa mwanga unaofika kwenye jicho ni kipenyo cha kioo cha mbele ukigawa kwa ukuzaji. Leupold ikiwa kwenye mara 5 inatoa milimita 4. Ishushe hadi mara 3, unapata karibu milimita 7, kiasi ambacho mboni ya mtu mzima gizani haizidi sana. Mwenye darubini ya kioo kidogo anayejua kushusha ukuzaji jioni anaona vizuri kuliko aliyenunua kioo kipana akakiacha kwenye mara 10.

Hata hivyo tofauti ya vioo ipo. Swarovski, inayotengenezwa Absam huko Austria, ina kioo safi kuliko nyingine tatu, na nukta yake ya kuwaka ni nzuri kwa simba dakika za mwisho kabla ya giza. Ila inataka betri. Trijicon hutumia nyuzi zinazokusanya mwanga wa mchana, na gizani inawaka kwa tritiamu (gesi yenye mionzi hafifu), bila betri wala swichi. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, basi ukinunua iliyotumika uliza ilitengenezwa mwaka gani. Kwa mtu anayeishi kitaluni msimu mzima, mbali na duka, kitu kisichohitaji betri kina thamani ya kweli.

Nightforce inafaa wapi?

Kampuni hii ya Orofino, Idaho, inasema wazi kwamba hupiga darubini zake kwa mashine kwenda nyuma na kwenda mbele, kwa nguvu ya mara 1,250 ya mvutano wa dunia. Kwa mwenye breki, hilo ndilo tangazo la kusoma mara mbili, kwa sababu linajibu swali lake hasa. Vitufe vyake vimetengenezwa kuzungushwa kila siku na kurudi palepale. Ningekuwa na .338 Lapua Magnum yenye breki, ya kupiga mita 600 na kuendelea, nisingetazama nyingine katika hizi nne. Breki kwenye raifoli ya aina hiyo haifunguliwi, mpigaji amelala chini, hakuna traka pembeni, na uzito wa darubini unabebwa na reli ndefu ya chuma yenye skrubu nene.

Kwa nyati ni habari nyingine. Gramu 580 juu ya bunduki unayotembea nayo kutwa nzima, ukuzaji unaoanza juu, na vitufe vinavyoweza kunaswa na vichaka: unalipia uimara ambao hutautumia, na unapoteza wepesi ambao utauhitaji.

Bei za Marekani, kwa makadirio, zinakwenda hivi: Leupold dola 500 hadi 700, Trijicon karibu 1,000, Nightforce inakaribia 2,000, Swarovski inazidi 2,000. Ukiongeza usafiri na kodi hadi Dar es Salaam au Arusha, pengo linakuwa kubwa zaidi.

Uamuzi wangu

Kwa .375 au .416 yenye breki, ya kutembea miombo na kupiga chini ya mita 150, nunua Leupold kama pete zako zinaifikia, na fedha inayobaki itumie kwenye pete na bezi la chuma. Haina kioo kizuri kama Swarovski, lakini wepesi wake ni ulinzi unaofanya kazi kila risasi inapotoka. Kwa .458 Lott na ndugu zake, au kwa mtu aliyewahi kupigwa nyusi na sasa anafumba jicho kabla ya kufyatua, lipa bei ya Swarovski EE. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa maneno, inaondoka kwa nafasi. Trijicon ni ya mwenye .375 anayekaa porini muda mrefu. Nightforce ni ya masafa.

Kuna wanaoacha darubini kabisa wakaweka nukta nyekundu ndogo, kama Aimpoint Micro H-2. Ina uzito wa chini ya gramu 100, haina nafasi ya jicho ya kuhangaikia, na betri yake hudumu saa 50,000. Kwa bunduki ya kumaliza nyati aliyejeruhiwa sioni kinachoishinda. Haikuzi chochote, kwa hiyo mteja anayetaka pia kupiga kongoni wa mita 200 kwa bunduki hiyo hiyo atahangaika.

Kufunga, na kuhakikisha

Pete ziwe za chuma. Talley na Warne wanatengeneza zinazofaa reli za CZ, na zipo za kufungua kwa mkono ili vilengeo vya chuma vya bunduki vitumike darubini ikiharibika. Skrubu zote zifungwe kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Mara nyingi ni kati ya Nm (nyutoni-mita) 2 na 3 kwa vifuniko vya pete, na karibu Nm 7 kwa nati inayobana reli. Fundi anayefunga kwa kuhisi mkono atakaza mno, mrija utabonyea, na hapo umeiharibu darubini kabla bunduki haijapigwa hata risasi moja. Futa mafuta ndani ya pete kwa spiriti kabla ya kufunga. Kwenye reli yenye mifuo, isukume pete mbele hadi iguse ukuta wa mfuo, ndipo ukaze, kwa maana bunduki inaporudi nyuma darubini hutaka kubaki mbele. Na kwa kuwa breki itaivuta upande wa pili pia, pete inayocheza ndani ya mfuo haifai hata ikiwa ya bei gani.

Ukishafunga, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita kutoka kwenye pete hadi kwenye mrija, mbele na nyuma. Piga risasi ishirini, breki ikiwa imefungwa. Zungusha vitufe mibofyo kumi juu, kumi kulia, kumi chini, kumi kushoto, ukipiga risasi kila kona, kisha tazama kama ya mwisho imerudi kwenye ya kwanza. Kama mstari wa rangi umekatika, tatizo ni pete. Kama mstari ni mzima na risasi hazirudi, kagua skrubu za bezi na za kitako. Zote zikiwa zimekaza, tatizo liko ndani ya darubini, na hakuna fundi wa mtaani wa kuifungua.

Hapo ndipo udhamini wa maisha unaposomeka tofauti ukiwa Tanzania. Darubini za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo Marekani hudhibiti usafirishaji wake kwenda nje, na kuirudisha iliyoharibika kisha kuipokea tena kunaweza kula msimu mzima. Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni uwe na darubini ya pili, hata ya bei ndogo, ndani ya pete zake za kufungua kwa mkono. Iwe imeshapigiwa shabaha kwenye bunduki hiyo hiyo, na imefungwa kwenye kitambaa pamoja na karatasi inayoonyesha inapopiga breki ikiwapo na isipokuwapo.